Sindano Zilifika Salama

Dada yangu hakutaka. Naanza na hilo kwa sababu nimewasikia ndugu zetu, kwenye arusi na kwenye misiba, wakiisimulia habari hii kana kwamba yeye ni mama wa shamba aliyeingizwa mjini na watu wa mtandao. Mimi huwa nimekaa palepale, sahani ya pilau mapajani, na sijawahi kuwasahihisha. Aliyemwingiza mjini ni mimi, na kazi yangu ni kufundisha kompyuta sekondari.

Amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki, dada aliacha shule ili mimi niendelee, na hajawahi kunitajia jambo hilo hata siku tuliyogombana. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume. Shemeji alipoondoka, dada alichukua kila alichoachiwa akanunua mashine ya kufuma masweta, ile ya kusukuma kwa mkono, kuukuu, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kupanda milima kuja kwetu. Akapanga chumba karibu na soko la Lushoto, akaanza kufuma masweta ya shule.

Huku kwetu sweta si pambo. Mwezi wa sita ukungu ukishuka kutoka Magamba, mtoto asiye na sweta anakaa darasani mikono imo kwapani, hata kalamu haishiki. Shule tatu zilimpa kazi dada yangu. Sweta lake ulilijua kwa shingo: lingefuliwa mwaka mzima na shingo isilegee. Wakuu wa shule walimlipa kupitia benki, na benki ikampa kadi, ambayo aliifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya nguo sandukuni. Fedha alikuwa akizifuata dirishani mwenyewe, kwa kitambulisho.

Mwaka huo, kuelekea mwezi wa tisa, mashine ikaanza kuruka mishono. Dada alimwita fundi kutoka Tanga. Fundi akaifungua, akapitisha kidole juu ya zile sindano zilizojipanga kama meno ya kitana, akatikisa kichwa.

"Mama, mashine ni nzima. Sindano ndizo zimekwisha. Na sindano za aina hii hapa nchini huzipati."

Tayari shule moja ilikuwa imemtangulizia fedha za uzi, kwa ajili ya masweta ya wanafunzi wapya wa Januari. Fedha hizo zilikuwa benki zikisubiri mashine ipone. Ndipo akanijia mimi.

Nilizitafuta jioni moja tu nikazipata. Duka lilikuwa la mume na mke, wazee wa nchi ya mbali, wanaouza vipuri vya mashine kuukuu za kufuma. Kwenye ukurasa wao waliweka picha wakiwa wamesimama mbele ya banda lao, mzee amevaa sweta lililotoboka kiwikoni. Sweta lile lilinipendeza. Niliwaona wadogo kama sisi, na nikajiambia kwamba mtu mdogo hana sababu ya kumwibia mdogo mwenzake. Hapo sikukosea, maana hawakutuibia wao. Sikujiuliza tu kama mtu mdogo ana uwezo wa kuajiri mlinzi.

Jumamosi nikaenda chumbani kwa dada na laptopu yangu. Walikuwapo majirani wawili wamekaa wakichambua uzi. Dada alikuja na kadi, lakini hakunipa. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hizi namba nikishaziandika, zinakwenda kukaa wapi?"

"Hazikai popote, dada. Zinapita tu."

"Zinapita kwa nani?"

"Si mtu. Ni mashine inapokea."

"Na hiyo mashine ina mwenyewe."

Majirani wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hicho ndicho kicheko ninachokikumbuka kuliko vyote katika maisha yangu. Nikamgeuzia kioo nikamwonyesha alama ya kufuli pale juu, penye anwani ya duka. "Unaona hiki? Kikiwapo hiki, hakuna mwizi. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanalijua hili."

Uongo. Sikukusudia kudanganya, lakini ni uongo. Kufuli lile linamaanisha kwamba njiani, kutoka kwako hadi dukani, hakuna wa kuchungulia. Halisemi lolote juu ya yaliyomo humo dukani baada ya kufika. Nililijua hilo, nimeliandika ubaoni. Ila ubaoni sikuwa na haraka, wala hapakuwa na majirani wa kuniona nikisitasita.

Dada hakuishia hapo. "Yule wakala wa pale stendi ameniambia kuna kadi ya ndani ya simu. Unaitilia kiasi cha kitu unachonunua, basi. Hata wakiiba, wanakuta pakavu."

"Dada, hayo ni mambo ya kusajili, na bando langu linakwisha leo. Hii fikra ya kuogopa kila kitu ndiyo inayoturudisha nyuma."

Nilisema hivyo mbele za watu kwa mwanamke aliyeacha shule ili mimi nisome. Akanipa kadi.

Nikaandika namba ndefu za mbele, tarehe ya mwisho, kisha nikaigeuza nikaandika na zile tarakimu tatu za nyuma. Chini palikuwa na kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama, kikisema duka liihifadhi kadi kwa ununuzi mwingine. Nilikiona. Nikakiacha, nikifikiri sindano zikikatika tena hatutasumbuka kuandika upya. Hawakuomba hata ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Nikasema kwa sauti, "Mmeona ilivyo rahisi?"

Sindano zilifika salama. Watu hawaamini nikifika hapo, maana wanatarajia kusikia kwamba duka lilikuwa hewa. Zilifika posta baada ya wiki nne, zimefungwa vizuri katika karatasi ya nta, na ndani mke wa yule mzee ameandika kwa mkono wake maneno ya kumtakia dada kazi njema. Dada alizipachika moja moja, siku nzima, bila kula. Alipovuta mkono wa mashine mara ya kwanza na mstari wa mishono ukatoka umenyooka, alinitazama akasema, "Kumbe wewe ni msomi kweli." Niliondoka pale nikiwa kama nimebebwa.

Siku chache baadaye alinifuata shuleni. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Alikuwa amepanda kwa miguu, viatu vimejaa udongo mwekundu, simu mkononi.

"Mdogo wangu, nimekatwa, na sijanunua kitu."

Nikautazama ujumbe. Kiasi kilikuwa kidogo, hakitoshi hata chai na chapati mbili. "Ni makato ya benki, dada. Wanakata kila mara."

"Mbona pana jina la Kizungu hapo?"

"Majina yao ndivyo yalivyo."

"Si bora nikawaulize? Benki ni hapo chini tu."

"Utapanga foleni nusu siku kwa ajili ya fedha ya chapati? Dada, nina daftari arobaini hapa."

Wenzangu ofisini walitabasamu. Dada akasema haya, akashuka. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba wezi wa kadi huanza kwa kuonja. Wanakata kidogo waone kama mwenyewe yuko macho, na akinyamaza wanarudi na gunia. Nilisoma mwenyewe, wala si habari ya kuhadithiwa. Asubuhi ile haikunijia kichwani, labda kwa sababu ingebidi nikiri kwamba maswali yake ya Jumamosi ile yalikuwa ya maana.

Siku tatu baadaye alikwenda benki kuchukua fedha za uzi, na fedha hazikuwapo. Zilichukuliwa asubuhi ya siku hiyohiyo, mara nne mfululizo, kwa manunuzi ya nchi ambazo sisi wawili hatujui hata ziko upande gani. Ujumbe hakuuona, maana simu yake ilikuwa kwa fundi simu sokoni ikichajiwa; umeme ulikuwa umekatika nyumbani kwake tangu jana yake. Alinipigia kwa simu ya mtu. Hakulia. Alisema tu, "Njoo benki."

Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mwalimu." Akaifunga kadi kwanza, kisha akaleta fomu, akatuambia tukaandikishe polisi na kurudi na RB, ile namba ya taarifa yao. Alipokuwa akipitia orodha ya miamala, kalamu yake ikasimama.

"Huu mdogo wa siku tatu nyuma, hamkuuona?"

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Dada alikuwa kulia kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema, na nilijua cha kusema.

"Niliuona, mwanangu," dada akajibu. "Nikadhani ni makato. Ni ushamba wangu."

Kijana akaandika. Halafu akanigeukia mimi kwa upole: "Mwalimu, uwe unawaelimisha wazazi. Hawa watu huwa wanaanza na kidogo."

"Kweli," nikasema.

Nilisema neno hilo moja tu. Nimelitafuna tangu siku hiyo na halijalainika.

Niliwaandikia wale wazee wenye duka. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Walisema wanasikitika sana. Kuna mtu alikuwa amepenya kwenye ukurasa wao akapachika kitu kinachonakili kadi za wateja, na wakati huohuo akabeba na zile zilizohifadhiwa. Nikauliza waligundua lini. Mke, ambaye nadhani alikuwa mkweli kuliko mumewe, akanijibu kwamba waligundua wiki mbili baada ya sisi kununua. Walisafisha ukurasa, wakanyamaza. Waliogopa kwamba wakiwatangazia wateja, duka litakufa. Akamalizia kwa kutuahidi punguzo katika ununuzi wetu ujao.

Hesabu siku. Walijua wakati sindano zikiwa bado bandani kwao, maana muhuri wa posta kwenye kifurushi ni wa siku mbili baada ya hapo. Barua moja fupi ingetosha, na dada angekwenda kuifunga kadi. Badala yake, yule mama alipata muda wa kukaa na kalamu akamtakia kazi njema.

Nilitaka kuwachukia na nikashindwa kuwachukia peke yao. Waliogopa kuaibika, wakanyamaza. Na mimi je?

Benki ilichukua miezi kutujibu. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Dai halikukubaliwa kwa kuwa mwenye akaunti alikiri kuona muamala wa kwanza na hakutoa taarifa, na tena kadi ilitolewa dukani kwa hiari yake. Dada aliniomba nimsomee mara mbili. Kwenye neno "alikiri" nilirudi mwanzo wa mstari, akanisubiri, hakunisaidia.

Ile shule haikungoja. Januari watoto walivaa masweta ya kiwandani yaliyopandishwa kutoka Mombo kwa magunia, shingo zake zikawa zimelegea kabla ya Pasaka. Mkuu wa shule alitaka fedha yake ya uzi, na haki ilikuwa yake. Dada akauza mashine. Aliyeinunua, mama mmoja wa Korogwe, alifurahi sana kuona ina sindano mpya. Mimi nilichukua mkopo wa mshahara kuziba palipobaki, na dada alipokea akasema ahsante, kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njiani.

Nilimwendea mara moja. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"Dada, nataka niwaambie ndugu ukweli. Kwamba ulitaka kuripoti, mimi nikakuzuia."

Alikuwa akifunga mafungu ya karoti za kupeleka sokoni. Hakuacha kufunga.

"Uwaambie ili iweje?"

"Ili wasikuone mjinga."

"Wameshaniona. Na wewe bado unafundisha watoto wa watu. Wakikuona na wewe mjinga, tutabaki wangapi?" Akakaza kamba kwa meno. "Acha."

Nikaacha. Aliniruhusu, na mimi nikaikimbilia ruhusa hiyo kama mtu anayekimbilia kibaraza mvua ikinyesha. Kama angenitukana siku ile ningepata la kufanya.

Siku hizi anauza mboga. Anaamka mapema, anashuka na karoti na kabichi, anapanga chini pamoja na wanawake ambao zamani walinunua kwake masweta ya watoto wao. Magoti yanamsumbua kwa baridi. Hajawahi kunikwepa. Ninapompa shikamoo anaitikia, nikiugua anakuja na uji.

Mwezi uliopita tulikutana kwa wakala pale stendi. Alikuwa ametumiwa fedha na mwanawe na alitaka kuzitoa. Nilisimama karibu naye, tunaongea habari za mvua, na ilipofika zamu ya kuandika namba ya siri, dada aligeuza bega, akavuta mtandio wake ukaifunika simu yote, akaandika humo ndani polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, huku mgongo wake umenielekea. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama ambavyo angefanya kwa yeyote aliyesimama hapo.

Nikatazama pembeni, upande wa magari ya Mombo. Wakala akamhesabia fedha, dada akazikunja akazitia kifuani, kisha akanigeukia na uso uleule wa siku zote.

"Haya," akasema. "Wasalimie nyumbani."