Pethybridge kwa Y

Kwa miaka ishirini na sita Bi Ursula Pethybridge alisimama mlangoni mwa kanisa, upande wa kushoto, akiandika majina ya watu waliokuja mazishini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa katika Mjumbe wa Marlcombe, gazeti lililotoka kila Ijumaa. Watu wa Marlcombe, kama watu wengine wa jimbo la Devon kule Uingereza, waliweza kuvumilia mengi, hata mvua ya wiki nzima wakati wa kukata majani. Lakini mtu aliyehudhuria mazishi kwa viatu vilivyong'arishwa kisha asilione jina lake gazetini, huyo alitinga ofisini Jumatatu asubuhi, amevimba, akidai maelezo. Aliyeandikwa vibaya alikuja na mkewe.

Kwa hiyo Bi Pethybridge hakubahatisha. Penseli yake aliifunga kwa uzi kwenye kifungo cha pili cha koti isije ikaangukia matopeni. Aliilamba ncha, akauliza, "Jina lako linaandikwaje?" Ukishamtajia alikusomea herufi moja moja, hata kama unaitwa Hill. Hakukosea jina la mtu hata siku moja.

Cha kuchekesha, au cha kuudhi, ikitegemea umeamkaje siku hiyo, ni kwamba jina lake mwenyewe lilimshinda kila mtu. Kadi ya maktaba ilisema Petherbridge. Kitabu cha mgao wa chakula cha wakati wa vita kilisema Petherbridge. Zamu ya kupanga maua kanisani ilibandikwa ukutani kila mwezi, na kila mwezi Petherbridge ndiye aliyepewa zamu. Zamani alikuwa akisema, "Ni y jamani, si e-r." Baadaye alichoka, akanyamaza. Gazetini ndiko jina lake halikutokea kabisa, maana Mjumbe halikutaja waandishi wake.

Lakini asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Bi Pethybridge alikaa jikoni mbele ya taipureta kuukuu akawa mtu mwingine kabisa. Akawa Kapteni Rex Dallow.

Hakuna mtoto Uingereza nzima asiyemjua Kapteni Dallow. Ndiye aliyeandika vituko vya Hugo na Nan, waandishi wa habari wawili ambao hawajafikisha miaka kumi na sita, wanaonasa wezi wa almasi na majasusi kisha wakawahi ofisini kabla mitambo haijaanza kuchapa. Mhariri wao, Bwana Grimble, hupayuka kutwa nzima, hudondosha majivu ya kiko kwenye chai yake, na chai huinywa. Vitabu vilikuwa saba. Cha nane kilikuwa nusu, kimefichwa chini ya kifuniko cha kitambaa cha kutunzia joto la birika la chai.

Kapteni alizaliwa London, kichwani mwa mchapishaji, Bwana Vane. "Wavulana hawatasoma vituko vilivyoandikwa na mwanamke," aliandika, na nyuma ya kitabu cha kwanza akachapisha kwamba Kapteni amevuka jangwa kwa ngamia na anafuga mbwa wawili wakubwa. Bi Pethybridge, aliyekuwa tayari kuzunguka maili nzima kumkwepa ng'ombe mmoja, alicheka mpaka akaketi chini. Sharti lilikuwa moja tu: siri ikitoka, vitabu basi. Alitia sahihi. Alikuwa tayari kuitwa jina lolote mradi wampe Hugo na Nan, kwa kuwa hakuna kitu duniani alichokipenda kama zile dakika tisini za alfajiri jikoni kwake.

Mwezi Juni mwaka 1954 akafa mzee Crocker, fundi saa. Mlangoni mwa kanisa walipita wajukuu zake wawili, Hilary wa miaka kumi na mmoja na Gwen wa miaka minane, macho mekundu kwa kilio. Hilary akaiona penseli. Akaufuata uzi kwa macho mpaka kwenye kifungo, akamtazama Bi Pethybridge usoni, na machozi yakamkauka papo hapo.

Jumamosi, saa ya chai, wakabisha hodi nyumbani kwake.

"Habari za mchana, Bi Pethybridge," alisema Hilary. "Sisi ni waandishi wa habari wa gazeti la Jicho."

"Tunatoa nakala kumi na mbili," aliongeza Gwen. "Wiki hii kumi na moja. Moja niliimwagia maziwa."

Wakakaribishwa, wakapewa skonzi na jemu. Gwen alishambulia sahani. Hilary hakugusa kitu, alifungua daftari.

"Kitabu cha kwanza, ukurasa wa tisa. Nan anafunga penseli kwenye kifungo cha pili. Kitabu cha tatu, Nan anasimama kushoto mwa mlango wa kanisa. Cha saba, mwizi anashikwa kwa sababu Nan alimwuliza jina lake linaandikwaje, akasitasita. Na Bwana Grimble..."

"Ni Bwana Luscombe mtupu," Gwen alidakia, mdomo umejaa. "Majivu na yote."

Bwana Luscombe alikuwa mhariri wa Mjumbe. Bi Pethybridge alihisi masikio yakimchemka.

"Wako wengi wanaofunga penseli, mwanangu."

"Akina nani? Tutajie tuwaandike."

"Sasa mimi na Kapteni wapi na wapi? Mtu kavuka jangwa! Mimi naogopa hata ng'ombe."

"Sasa umetuhakikishia," alisema Hilary, akafunua ukurasa mwingine. "Vitabu saba vizima, Hugo na Nan hawajawahi kukatiza shamba lenye ng'ombe. Wanazunguka. Hata siku ya majasusi, na walikuwa wamechelewa."

Jambo hilo hata Bi Pethybridge hakuwa analijua.

"Lakini Nan husema habari haichapwi mpaka mwenyewe aithibitishe," Hilary aliendelea. "Ndiyo maana tumekuja kuuliza. Ukisema hapana tutaamini. Tutaandika habari za bata wa darajani."

"Zile zimeshaandikwa mara tatu," alisema Gwen kwa huzuni.

Alichotakiwa kusema ni hapana, basi. Siri ingebaki siri, na kitabu cha nane kingemalizika chini ya kifuniko chake. Neno likamfika mdomoni likagoma kutoka. "Nipeni mpaka Jumatano," alisema.

Walipoondoka alishusha sanduku la barua juu ya kabati. Zote ziliandikwa kwa Kapteni, naye alikuwa akizijibu kwa mwandiko wa kiume wa kubuni. Wavulana walitaka kujua kama Nan ana mchumba. Nyingi zilikuwa za wasichana. Moja ya msichana wa Leeds aliisoma mara mbili: "Kaka yangu anasema kazi ya gazeti si ya wasichana, na kwamba Nan ni wa hadithi tu. Wewe Kapteni uliyetembea sana unasemaje?" Alikumbuka alivyomjibu. Alisema kakake amekosea, akatia sahihi Rex Dallow. Mtoto wa watu ameuliza swali la maana, akajibiwa na mwanamume asiyekuwepo. Bi Pethybridge aliona aibu, aibu hasa, ameketi peke yake na sahani isiyo na skonzi hata moja.

Aliogopa pia. Jumatano asubuhi alikwenda kwenye taipureta akaandika kurasa tatu kwa haraka, kama mtu anayekula chakula chake kabla hakijaondolewa mezani.

Jioni walipofika, hakungoja waketi.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Gwen alipiga yowe. Hilary alijikaza kama Nan mwenyewe. Alikuwa na penseli imefungwa kwenye kifungo cha pili cha sweta. Aliilamba ncha, akasema, "Jina lako linaandikwaje?"

Maelfu ya watu Bi Pethybridge alikuwa amewauliza swali hilo, na yeye hakuna aliyemuuliza hata mara moja. Akaanza taratibu, p, e, t, h, akaendelea mpaka mwisho. Hilary akamsomea, herufi moja moja.

"Ni y, siyo e-r?"

"Y," alisema Bi Pethybridge, akacheka huku analia, mpaka Gwen, aliyekwisha kuifikia sahani ya skonzi mezani, akamwuliza kama kuna anayeitaka ya mwisho.

Usiku haujaingia akawa amemwandikia Bwana Vane. Alimwambia kila kitu, akaongeza kwamba kati ya barua mia moja na arobaini na tatu za wasomaji, tisini na saba ni za wasichana, na hakuna hata mmoja aliyeulizia mbwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya maonyesho ya maua na mboga. Jicho lilibandikwa kwenye nguzo ya hema, juu ya mamumunye, wino wake wa zambarau bado unaacha rangi vidoleni. KAPTENI DALLOW NI BI URSULA PETHYBRIDGE. Kufikia adhuhuri mamumunye hayakuwa tena na mtazamaji. Wanaume aliowaandika majina kwa miaka walimvulia kofia. Kasisi alikiri anavyo vyote saba. Kisha umati ukapisha, akaja Bwana Luscombe, kiko mdomoni.

"Grimble," alisema.

"Bwana Luscombe, hadithi ni hadithi."

"Mke wangu humsomea binti yetu vitabu hivyo. Nikinywa chai wananitazama wote wawili. Miaka saba, Ursula! Nilidhani naumwa na wananificha!" Akaangua kicheko, majivu yakamwagikia mumunye lililopata zawadi ya kwanza. "Habari hii naiandika mimi mwenyewe. Usiiguse."

Alhamisi likaja jibu la London. Bwana Vane alikiri kwamba hakuwa amewahi kuhesabu barua. Alipendekeza kitabu cha nane kitoke kwa jina la U. Pethybridge, bila Bi wala Bwana, wavulana wafikirie watakavyo. Bi Pethybridge aliisoma amesimama. Kisha akainua kile kifuniko cha birika, akaziweka zile kurasa wazi katikati ya meza.

Ijumaa Mjumbe likatoka. Ukurasa wa kwanza, safu mbili nzima, kwa herufi nene: BI URSULA PETHERBRIDGE.

Alilikunja gazeti, akaenda kazini kama kawaida.

Jumatatu asubuhi mlango wa ofisi ulifunguliwa kwa kishindo. Walikuwa Hilary na Gwen, viatu vimeng'arishwa.

"Tunataka kumwona mhariri," alisema Hilary. "Tumekuja kudai maelezo."

Bwana Luscombe hakuwa amewahi kuchapisha sahihisho tangu apewe kiti kile, na alijisifia hilo. Alipayuka, akasingizia mpanga chapa, akasingizia joto. Gwen alimtazama tu jinsi anavyokunywa chai. Mwishowe akakisukuma kikombe kando, akavuta karatasi, na shingo ikiwa imemwiva, akamgeukia mwanamke aliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka ishirini na sita.

"Haya, Ursula. Linaandikwaje?"

Sahihisho lilitoka Ijumaa iliyofuata, mistari miwili, chini ya bei za kondoo. Bi Pethybridge alilikata kwa mkasi wa ofisi, akalibandika jikoni juu ya taipureta. Kisha, penseli ikining'inia kifuani, akalisoma kwa sauti, herufi moja moja, kuhakikisha halina kosa.