X Nyekundu Ukutani mwa Ukumbi wa Dansi

Nilichora X nyekundu kwenye ukuta wa ukumbi wa dansi kwa sababu babu mlinzi alinifukuza jukwaani mbele ya wenzangu akaniita mbwa koko. Sababu ni hiyo, nzuri zaidi sina. Rangi ilikuwa imebaki tulipopaka magoli ya shule, na mkono ulikuwa ukiniwasha.

Hapa Kisauni hakuna asiyeijua X hiyo. Ukiiona kwako, tingatinga liko njiani. Na barabara yetu ya starehe ilishaanza kuliwa: baa za makuti zimeondoka, yamekuja maghorofa ya vioo yenye muziki wa kutikisa meno. Wa zamani uliobaki ni ukumbi wetu tu, kuta za matumbawe na jukwaa la mbao. Watu wa kuhifadhi majengo ya kale walikuwa waje wiki ile kuukagua. Wakiukubali, hakuna tajiri wa kuugusa.

Mama aliomba sana waukubali. Hukaanga viazi karai pale mlangoni, lakini si viazi vilivyomfanya aombe. Marehemu baba alikuwa mpiga ngoma mle. Ubao mmoja wa jukwaa ulibonyea alipokuwa akigonga kisigino. Mama akifagia jukwaa, hapo hupazunguka.

Basi nikachora alfajiri, nikaenda shule nikicheka peke yangu kama chizi. Nilitaka babu ahangaike kutwa, jioni nimwendee kwa adabu zote: "Shikamoo babu, waionaje X?"

Kumbe babu aliita vijana. "Wanangu, wa kuhifadhi wamechelewa, wa kubomoa wamewahi! Tubomoe wenyewe, tuokoe mbao na mabati, kabla tingatinga halijavisaga."

Niliporudi, ukumbi ulikuwa wazi juu kama sufuria. Mabati yamepangwa kando ya barabara, jukwaa limekuwa rundo. Mama amepiga magoti, anageuza mbao moja moja, anautafuta ule uliobonyea.

"Nyingine zishapanda mkokoteni, mama," kijana mmoja akamwambia.

Akaendelea kugeuza.

Kesho yake wakaguzi walifika. Babu akawaonyesha X. Mkubwa wao akaikwaruza kwa ukucha.

"Mzee, hii hakuna ofisi iliyoichora. Paa liko wapi? Jukwaa je? Tulikuja kuhifadhi ukumbi, hapa naona kuta." Wakapanda gari lao.

Babu akakaa chini kwenye mchanga. Hakumwita mtu yeyote mbwa koko.

Jioni nikamweleza mama yote, hadi rangi ya magoli. Nilijiandaa kuchapwa mwiko. Wallahi, ningeupenda mwiko. Alikuwa akimenya viazi, kisu hakikusimama. Alipomaliza kile alichoshika, akakitia majini, akanitazama.

"Kailete hiyo rangi iliyobaki," akasema. "Unichoree babako ukutani, pale alipokuwa akisimama."