Bwana Lodi Alikuja Kunywa Chai Xiaobei

Sikulewa, sikuota, wala sikuwa na homa. Nayasema haya mapema kwa sababu mkwe wangu Eliamini hucheka nikianza kusimulia, eti ni uchovu wa ndege. Uchovu gani? Hiyo ilikuwa siku yangu ya nne Guangzhou, nimelala vizuri, nimekula ugali kwa mama mmoja Mkongo anayepika chini ya hoteli, na nje jua linawaka. Niliyoyaona niliyaona.

Nilikuwa nimemsindikiza binti yangu Naetwe, ambaye hununua vitambaa huko na kuviuza Moshi. Siku hiyo alikwenda soko la Zhongda bila mimi, miguu yangu ilikuwa imevimba. Akaniacha hotelini, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya kumi na mbili. Mhudumu wa chumba hakuja. Sasa mimi kitanda kilichovurugika siwezi kukitazama. Nimetandika vitanda vya wageni miaka ishirini na sita katika hoteli ya Bwana Lodi, kule nyikani kwetu.

Nikueleze huyu ni nani. Jina lake kamili ninalijua, ila silitaji, na utaona kwa nini. Alikuwa Mwingereza wa ukoo wa mabwana wakubwa, wale ambao kwao huitwa Lodi, baba yake alikuwa na jumba la vyumba visivyohesabika. Alikuja kwetu kuwinda. Baadaye akaacha bunduki, akauza vyombo vya baba yake, akajenga hoteli, kisha akasema wanyama lazima walindwe. Sawa, walindwe! Lakini aliyehamishwa nani? Mzee Mrutu na ng'ombe wake, mama Nakiete na shamba lake la maharage, Kadeghe mfua vyuma, sisi sote. Yeye akapewa nishani. Tembo wake aliwajua kwa masikio, kila mmoja na jina lake. Sisi watandika vitanda wote alituita Meri. Tulikuwa saba: Nambike, Eliwaza, Nakunda, Rehema wa Same, Rehema wa Gonja, Naomi, na mimi. Meri, Meri, Meri.

Na alikuwa na desturi yake ya chai. Saa kumi kamili alasiri unaleta sinia, kikombe kimefunikwa juu ya kisahani, unagonga sinia kwa ukucha mara mbili, unasema, "Chai tayari, Bwana." Kisha unageukia ukuta mpaka apite. Ndiyo, ukuta! Mtu mzima na watoto wake anatazama ukuta.

Basi nimemaliza kutandika, nimekunja pembe za shuka, maji yamechemka kwenye birika la umeme. Mikono ikaenda yenyewe. Nikafunika kikombe, nikagonga mara mbili. Na mdomo nao ukasema yale maneno. Niamini, nilikuwa nimeshageukia ukuta kabla sijajijua.

Nikasikia buti.

Nikanusa kaki iliyolowa na tumbaku ya kiko. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye kiti cha Naetwe, juu ya mizigo ya vitenge, vumbi jekundu la kwetu likimdondoka kwenye zulia la Wachina. Mtu huyu alikufa kwao, akachomwa, na majivu yake yakamwagwa kwa ndege juu ya nyika. Nilikuwepo, nilitazama juu na wenzangu.

"Meri," akasema. "Biskuti iko wapi? Wewe nasahau."

Ungekimbia? Mimi nilitaka kukimbia. Lakini hasira ilinishika miguu. Biskuti! Nikamwambia, "Mbonea mlimzika wapi?"

"Nani?"

"Mbonea, kaka yangu. Askari wako wa zamu ya mtoni."

Hapo ndipo kidonda changu kilipo. Tembo wake mpenzi, Malkia, alinasa mguu kwenye waya wa majangili akapandwa na wazimu. Bwana Lodi alikataza bunduki, akamtuma Mbonea amsogelee mikono mitupu. Malkia akamuua, na tembo mwenyewe akafa jioni ileile. Mimi nilikuwa likizo kwa mama, na mvua ilikuwa imekata barabara. Tulipofika siku ya tisa mama akaambiwa mwanawe amezikwa ndani ya hifadhi na hairuhusiwi kuingia. Mama alikufa akiuliza ni mti gani, jiwe gani.

"Naona Malkia," Bwana Lodi akasema, macho yamelegea. "Naona toto yake, Kipepeo. Naona Duchi, ile ya pembe moja..."

"Sikuulizi tembo! Mbonea. Kidole cha mwisho alikatwa na panga. Akitembea anapiga mluzi."

Akachukua kikombe, akakiinua mdomoni. Chai haikupungua.

"Ah. Ile boi ya Malkia." Akasema hivyo, kama mtu aliyekumbuka alipoweka miwani. "Chini ya Malkia. Ardhi gumu sana, Meri. Shimo moja natosha."

Shimo moja! Unalijua lile jiwe la kaburi la Malkia, pale hotelini? Lina jina la tembo, wageni hulipiga picha na kuliwekea maua. Na kila Jumamosi nani alitumwa kulipangusa? Mimi. Miaka yote nimeinama juu ya kaka yangu nikisugua jina la mnyama.

"Sasa sema 'karibu, Bwana'," akaniomba, sauti imekuwa ndogo. "Hoteli nauzwa, jina yangu natolewa mlangoni. Hakuna mtu naita mimi. Sema jina, Meri, mimi nalala."

"Sema langu kwanza."

"Meri," akasema. Hakuwa nalo. Nikamnyang'anya kikombe. Kilikuwa baridi mpaka kikaniunguza. Akainuka, akapita mlango uliofungwa, na mimi safari hii nilimtazama usoni.

Naetwe aliporudi aliuliza, "Mama, hili vumbi umelitoa wapi?" Tulilifagia, asubuhi likawepo tena.

Mkono wangu wa kulia mpaka leo hausikii joto. Tuliporudi nilikwenda hotelini na Mchungaji Senzota, pamoja na Nambike na Eliwaza. Wamiliki wapya walituambia jiwe ni kivutio, haliguswi. Tukaingia kama watalii. Eliwaza alimzuga mlinzi kwa maswali ya twiga, Nambike akashika kopo la rangi, nami nikaandika MBONEA kwa herufi zangu mbovu. Wamelifuta. Tumerudi tukaliandika tena, mara tatu sasa.

Nawe unayetandika vitanda vya watu, sikia. Usimtandazie heshima bwana aliyekufa katika chumba kitupu, mikono ina kumbukumbu mbaya. Na akija, asionje chai yako mpaka akutajie kwa jina mtu mmoja aliyemzika.