Glasi Namba Tatu

Mwezi mmoja baada ya jopo la chuo kikuu kuikataa tasnifu yangu na kunirudishia, mama mwenye baa ndogo jirani na kwetu, mtaa wa Bel-Air, aliniomba nimsaidie kuchagua lutuku. Alitaka kuweka kwenye rafu yake, kando ya wiski za ng'ambo, chupa moja ya pombe hiyo kali ya mahindi iliyopikwa katika mkoa wetu, na wapikaji watano walikuwa wakiiwania nafasi hiyo. Nilisomea kemia ya vyakula. Kwake hilo lilitosha. Jopo lilikuwa limeniuliza swali moja tu, "Unajuaje?", nami nikajibu kwa majedwali mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo nilipima mara mbili hata majani ya chai.

Kwa hiyo niliandaa kila kitu kwa uangalifu uliopita kiasi: glasi tano zinazofanana, namba badala ya majina, fomu ya kura kwa kila mwamuzi, maji kidogo katika kila glasi ili harufu ifunguke, na wapikaji wakae uani wasionekane. Waamuzi tulikuwa watatu: mama mwenye baa, mimi, na mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye mtaa mzima uliuamini ulimi wake.

Mzee aliitazama glasi ya kwanza, asiiguse.

"Mwenye kupika hii eko wapi?"

Nilimweleza kwamba hatukupaswa kumjua, tusije tukampendelea.

"Lakini docta, numero haipikake pombe. Mwenye alipika anywe mbele, kisha na miye nitakunywa. Ao unataka nikufe na fomu ku mukono?"

Mama mwenye baa alicheka mpaka akaegemea kaunta. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni: kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, uone hakina sumu. Katika hesabu zangu zote sikuwa nimeipa nafasi.

Wapikaji wakaitwa. Wanne walikunywa, kila mmoja katika glasi yake. Glasi ya tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyetoka Pweto peke yake, juu ya lori la samaki wakavu.

"Miye sinywake," alisema. "Tangu bwana yangu alikufa, niliapa mbele ya Mungu. Kupika njo kazi yangu. Kunywa, hapana."

"Basi ndugu yako anywe pahali pako," mzee akamwambia.

"Niko peke yangu, papa."

"Basi turuke numero tatu," mzee akasema, akanyoosha mkono kuelekea ya nne.

Mama yule alianza kukunja kitenge alichokuwa amefungia kidumu chake, taratibu, pembe kwa pembe.

Anayeonja kwa niaba ya mpikaji huhesabiwa kuwa mtu wa upande wake. Hawezi tena kuhukumu. Nililiwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Niliwaza pia yale matone ya kwanza yanayotokana na mvuke wa pombe, ambayo ndiyo hubeba sumu.

"Mama," nikamwuliza, "ile ya kwanza kutoka ku bomba, unafanyaka nayo nini?"

"Ya kwanza? Kopo muzima, naoshaka nayo bidonda ya mbuzi. Ile haiko ya kunywa."

Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nikaweka kalamu mezani, nikanywa. Ilikuwa na moshi mwepesi na ukoko wa mahindi. Ukali ulikuja nyuma, ukaondoka bila kukwaruza koo.

"Unajua je kama iko muzuri?" mzee akaniuliza.

"Nimemwuliza, akanijibu. Na sasa nimekunywa."

Mzee akaivuta glasi ya tatu kwake.

Mwishowe mama mwenye baa alichagua ya tatu, mzee akachagua ya kwanza. Wote wawili waligeukia fomu yangu, ambayo ilikuwa tupu. Niliona kwamba kwa kunywa ili mama yule abaki katika shindano nilikuwa nimemnyima kura aliyoihitaji, nikaanza kueleza kwa nini sikuwa na haki ya kupiga.

"Docta, nyamaza kidogo," mzee akasema. "Ile ya tatu ulikunywa wa kwanza, mbele ya muntu yeyote. Ile njo kura yako."

Chupa iko rafuni hadi leo. Mama wa Pweto hakuwa ameipa jina, kwa hiyo mwenye baa aliandika juu yake, kwa mkono, Numero 3.