Sanduku la Chelo na Baba Aliyeinua Mkono

Wanafunzi wangu wanne walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakuweza kuanza kupiga bila kunitazama. Violini mbili, viola moja, chelo moja, na macho manane yamenikodolea kana kwamba nimeshika chapati. Muziki wa watu wanne hauna kiongozi wa kupunga mikono mbele. Mnakaa nusu duara, mnatazamana, mnapumua pamoja, mnaanza. Nilieleza hayo mpaka koo likanikauka. Waliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha wakageuza shingo kunitazama.

Jumamosi moja nilitoka darasani, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji ili wasinione kabisa. Kimya. Baada ya muda violini ya kwanza akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu, tuanze?"

Mwenzangu, anayefundisha nami na kuja kutoka Migori kila Jumamosi, alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Yeye ni mtu wa kucheka. Mimi si mtu wa kucheka, ndiyo maana watoto wanampenda yeye na kunitii mimi. Tumegawana kazi vizuri.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya Rangwe. Vyombo vililetwa na kanisa fulani la ng'ambo, violini za kutosha, lakini chelo, ile kubwa inayoshikwa kati ya magoti, ilikuwa moja tu, ya saizi ya mtoto, ndani ya sanduku gumu jeusi. Chelo moja na watoto wengi wanaoitaka. Kwa hiyo tukaweka sheria: shule ikifungwa, mpigaji anaenda na chelo nyumbani afanye mazoezi likizo nzima. Asiyeweza kwenda nayo anampisha mwingine. Ilikuwa sheria ya haki. Mimi ndiye niliyeitunga.

Msichana wa chelo alikuwa bora kuliko wenzake wote, na mimi si mtu wa kugawa sifa. Alikuwa mkimya, mrefu, na akishika upinde hata wapishi walikuwa wakipunguza kelele za sufuria jikoni. Likizo ya Agosti ilipokaribia nilimsindikiza hadi kwao na sanduku ili niione nyumba, maana chelo haipendi kulala karibu na jiko. Baba yake alitukuta langoni. Hakulifungua.

"Karibu, mwalimu. Wewe ingia. Hiyo sanduku hapana."

Nikaanza kumweleza kwamba ndani mna chombo cha muziki.

"Najua ni nini," akasema. "Lakini sanduku kama hiyo, saizi hiyo hiyo, iliingia hapa mara moja. Kaka yake huyu ndiye alikuwa ndani. Mama yake akiiona inapita hapa atalia mpaka kesho. Hata mimi."

Nilimuuliza kama tungeweza kuileta chelo bila sanduku, tuifunge kwa blanketi.

"Ya blanketi ni mbaya zaidi," akasema. Na kweli, nikifikiria, ni mbaya zaidi.

Msichana alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuomba, hakulia. Tukarudi na sanduku letu, na iliniuma sana, kwa sababu mtu aliyekuwa na makosa sikumwona.

"Nyamera," mwenzangu akaniambia. Huniita dada yake akitaka kitu. "Badilisha sheria."

"Nikimbadilishia mmoja, kesho watakuja wote."

"Wacha waje. Yawa! Kwani sheria imeandikwa kwenye jiwe?"

Nilimwambia aende akafundishe viola. Jina la pili kwenye foleni lilikuwa la mvulana ambaye baba yake ana pikapu na alikuwa ameshanunua godoro la kulazia chelo. Familia yenye moyo, siwezi kusema vingine. Mtoto mwenyewe hakuweza kutofautisha sauti ya juu na ya chini, labda umwoneshe kwa kidole. Chelo ingeondoka na pikapu jioni ya siku ya wazazi, baada ya msichana kuipiga kwa mara ya mwisho.

Kwa siku hiyo niliwapa sheria nyingine: msisimame. Likitokea la kutokea, endeleeni. Niliwafanyia majaribio. Nilidondosha mfuniko wa sufuria nyuma yao. Nilimwomba bawabu apige kengele. Mwenzangu alileta mbuzi. Viola alicheka lakini hakusimama. "Hata paa likianguka," nikawaambia, "tutawafukua mkiwa mnapiga."

Siku ya wazazi ilikuwa na hema, spika kubwa, na wageni waheshimiwa ambao kila mmoja alisema hana mengi ya kusema, kisha akayasema yote. Watoto wangu waliwekwa kati ya hotuba na chakula, nafasi mbaya kuliko zote. Nikasimama pembeni, mikono nimeikunja. Wakageuka wote wanne kunitazama. Nikawatikisia kichwa, nimeshindwa, wakaanza.

Kilikuwa kipande cha polepole, ambacho katikati yake violini zinarudi nyuma na chelo inabeba wimbo peke yake. Msichana alipofika hapo, watu waliokuwa wanaulizana habari za chakula wakanyamaza. Na hapo ndipo baba yake aliposimama safu ya tatu, akainua mkono.

Kwetu tuna pakruok. Wanamuziki wakipiga, mtu anasimama, anainua mkono, muziki unanyamaza, naye anajisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, ng'ombe wake wananenepa kiasi gani. Akimaliza anatoa chochote alicho nacho na muziki unaendelea. Mwanamuziki akikataa kunyamaza, amemvua mtu nguo hadharani. Nimezaliwa Kendu Bay, hayo nayajua. Baba yangu alijisifu sana kwa pesa ya karo yangu. Lakini siku zote nilisema hayo ni ya kinubi cha nyatiti na ya baa. Si ya darasa langu.

Watoto waliendelea. Wamefundishwa vizuri. Mzee akabaki amesimama, mkono juu, suti yake ya kanisani imepanda mpaka kwenye kiwiko. Mtu nyuma akaguna. Mama mmoja akasema, "Woi, simamisheni, mzee anataka kusema!" Mwenzangu akanitazama kutoka upande wa pili wa hema, na mara hii hakuwa anacheka. Violini ya kwanza akanitazama. Nami, mwalimu wao, nikatazama kamba ya hema. Nilitamani mzee akae. Nilitamani paa lianguke, lakini lilikuwa hema.

Msichana akainua macho, akamwona baba yake. Hakuukata wimbo. Aliumaliza mstari wake mpaka mwisho, akavuta pumzi, akainua upinde. Na wenzake watatu, ambao hawajawahi kuanza pamoja bila mimi, walinyamaza naye kwa pumzi ile ile. Hakuna violini iliyobaki ikining'inia.

"Mimi!" baba akasema. "Mimi ambaye ng'ombe wangu wanakunywa juu ya mto, wa kwenu wanakunywa yaliyobaki! Mimi mkwe wa watu wa Oyugis, waliotaka ng'ombe wengi na nikawaongeza mmoja!"

Watu wakapiga vigelegele. Akaendelea na ng'ombe kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kukasirika aliposhusha mkono na kunyoosha kidole.

"Huyo wa kitu kubwa," akasema, "ni wangu. Endeleeni."

Akaja mbele, akakunja noti akaitumbukiza ndani ya chelo kupitia tundu refu lililo kifuani pake. Iko humo mpaka leo. Ukipiga uzi mnene unaisikia ikichakarisha, na fundi anasema kuitoa ni kuifungua chelo nzima.

Watoto wakatazamana. Wakapumua. Wakaanza pale pale walipoachia, wote wanne, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nilikuwa nimeshaandaa kichwa cha kuwatikisia. Nikakaa nacho.

Baada ya chakula mzee akanijia. Mwenye pikapu alikuwa ameshatandika godoro nyuma ya gari.

"Mwalimu. Sanduku iko wapi?"

"Mzee, na mama yake je?"

"Nitaongea na yeye. Leta."

Mwenye pikapu nilimweleza mwenyewe. Hakufurahi, na godoro nadhani linalaliwa na mtu sasa.

Tulipanda boda boda mbili. Mzee alitangulia, sanduku amelilaza mapajani. Mimi na msichana tukafuata nyuma. Tulipofika sokoni Rangwe, mwanamke aliyekuwa anapanga nyanya akaona sanduku, akaweka mkono kichwani. Vijana waliokuwa wanacheza drafti wakasimama, wakavua kofia.

"Hakuna mtu amekufa!" mzee akapiga kelele juu ya boda. "Ni muziki! Ni ya msichana wangu!"

Kwenye daraja tena, kwa watu waliokuwa wanachota maji: "Hakuna mtu amekufa!" Kwenye posho mill, kinu cha unga, tena. Kila kundi la watu alilitangazia, njia nzima, na kila mara sauti ikapanda. Msichana mbele yangu alikuwa anatetemeka mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Langoni mzee akashuka, akalifungua lango mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga yowe. Aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akatazama sanduku lile jeusi likivuka uwanja mikononi mwa mumewe.

"Hakuna mtu amekufa," akamwambia. Safari hii polepole, kama hana uhakika.

"Fungua nione," mama akasema.

Akaliweka kwenye nyasi, akafungua vifungo kimoja kimoja. Mama akaja, akachuchumaa. Akaingiza mkono, akapapasa mbao kuanzia juu mpaka chini, pande zote mbili, akagusa uzi ukalia kidogo. Akakaa hapo. Hakuna aliyemharakisha.

Kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye leso, akatazama juu.

"Basi ingizeni," akasema. "Mvua inakuja."