Umenishika Kichwa Hujaniuliza Jina

Kwanza mnisamehe, wadogo zangu, kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu huenda polepole kuliko mashine ya kunyolea. Kusema mbele za watu siwezi, naona haya. Bora niandike.

Ipo Jumamosi moja ambayo hata leo nikiikumbuka nashtuka. Nilikuwa nimekodi kiti kwenye saluni ya wanaume hapa Farsta, huku Uswidi. Mwenye saluni ni Mkongomani, tunamwita Papa Dido. Wateja walikuwa wakikaa kwangu mara moja tu. Wakirudi, wanasubiri kiti chake, hata kama foleni ni ndefu na mimi nimesimama bure. Asubuhi ile Papa Dido aliniambia, "Petit," ndivyo anavyowaita vijana, "kiti chako kinalala njaa. Mwezi ukiisha nitakipa mtu mwingine." Sikuwa na kazi nyingine, na mama yangu kule Singida alikitegemea kiti kile kuliko mimi.

Ndipo akaingia Mzee Shabani, mtu wa Tanga anayeishi Märsta. Alisafisha ndege uwanjani mpaka akastaafu, ingawa hayo yote niliyajua baadaye. Papa Dido alikuwa na mteja, basi mzee akakaa kwangu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikawasha mashine. Nikamnyoa vizuri, kimya kimya, mpaka mwisho. Nikamshikia kioo. Hakukitazama.

"Mwanangu, jina langu nani?"

"Sijui, mzee."

"Kwetu wapi?"

"Sijui."

"Umenikunja sikio, umeniinamisha shingo kama mbuzi. Kichwa cha mtu mzima hushikwa na mama yake, na mke wake, na atakayemwosha akifa. Wewe ni yupi kati ya hao?"

Papa Dido alizima mashine, mteja wake amenyolewa upande mmoja, wote wananitazama. Mimi nilidhani kunyoa ni nywele tu!

Papa Dido akaangua kicheko. "Mzee, huyu ananyoa kama anafanya mtihani!"

"Mwache," mzee akasema, sasa kwa upole. "Kuona haya si kosa, mwanangu. Ila haya zako usimbebeshe mteja. Kinyozi hajinyoi. Kila anayekaa hapo amekuja kwa sababu peke yake hawezi. Muulize jina, muulize na wa kwake. Kuuliza si ujinga."

Jumatatu yake akaingia Mswidi mmoja, mzee mrefu, nywele zimemshuka mpaka kwenye kola. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba, kisha akakaa kwangu. Mnawajua watu wa hapa: hata ndani ya lifti mtu anatazama viatu vyake. Nikajikaza. Kwa Kiswidi changu cha kuungaunga nikamsalimia kama tunavyosalimiana kwetu: jina lake, hali yake, nyumbani, mke, watoto.

"Petit, pole pole," Papa Dido akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Utamkimbiza huyu!"

Yule mzee akanitazama kwenye kioo. Akasema anaitwa Lennart. Halafu akasema, "Mke wangu amefariki. Mazishi ni kesho kutwa. Yeye ndiye aliyekuwa ananikata nywele, jikoni kwetu, tangu tulipooana. Sijui hata mtu hukaaje kwa kinyozi."

Wadogo zangu, mashine niliishikilia hewani. Kwetu mtu akifiwa utaona turubai, utasikia kilio, na jirani atakuja na sufuria bila kuitwa. Huyu alikuwa amepanda treni na msiba wake ndani ya koti, na hakuna aliyejua. Wiki moja nyuma ningemnyoa, nikamshikia kioo, akaondoka nao vilevile.

Nikazima mashine. Nikampa pole. Kisha nikauliza lililonijia: "Alikuwa akianzia upande gani?"

Akafumba macho. Akainua mkono, akagusa nyuma ya sikio la kushoto.

"Hapa. Kwa mkasi."

Nikaiweka mashine chini, nikachukua mkasi, nikaanzia pale.

Lennart alirudi baada ya mazishi, akarudi tena. Safari moja alikuja na mdogo wake, akamwonyesha kiti changu. Mdogo mtu akaleta jirani. Mwezi ukaisha, Papa Dido akanipita na ufagio wake bila kusema neno la kiti.

Sina umri wa kuwaita wanangu, kwa hiyo nasaha hii nawapa kama nilivyopewa. Uwe unasuka, unauza sambusa au unashona, usimhudumie mtu usiyemjua jina. Usimuulize ili arudi; kurudi ni hiari yake. Muulize kwa kuwa yuko mbele yako. Na ukishamuuliza habari zake, nyamaza, ujiandae kuzipokea, maana hujui amebeba nini.

Mungu aibariki mikono yenu, awape riziki ya halali, na kila mnayemgusa aondoke na nafuu.

Na wewe mwenye haya kama mimi, niandikie unieleze neno la kwanza ulilomwambia mteja wako, naye akajibu nini. Nasoma polepole, lakini nitasoma lote.