Sahani ya Fundi

Nikisikia dadu zikigongana mezani, hadi leo mate hunijaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika. Dadu zenyewe hazina kosa. Kinachonichefua ni mimi mwenyewe, nilivyokuwa Jumamosi moja ya miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu kijana wa hisabati katika shule moja ya Kilifi.

Mchezo tuliachiwa na mwalimu Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao: boksi la vitabu, penseli, na dadu za pembe nyingi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona. Kila mchezaji alijitungia mtu wake, akaandika sifa zake kwenye karatasi, kisha tukaingia nao kwenye mapango na ngome za kubuni. Mwalimu wa historia ndiye aliyekuwa msimulizi; yeye ndiye aliyetuambia tunachokiona na kinachotupata, na dadu ndizo zilizoamua kama tumefaulu. Mwalimu wa jiografia alichagua shujaa wa upanga, wa Kiswahili akachagua mchawi. Mimi nikachagua fundi.

Walinicheka. Fundi hana nguvu wala uchawi. Ana mikono, akili na kikapu cha vyombo. Hufungua kufuli, hutegua mitego, huunda mitambo kwa vipande vya chuma vilivyotupwa. Sikuwaambia sababu yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa majiko ya mafuta kule Dabaso, akizunguka nyumba za watu na bisibisi zake, na kila alikotengeneza jiko alilishwa nje, kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaka kwa niaba yake, nikaapa kwamba fundi wangu, japo ni wa karatasi, ataketi na wakubwa.

Jumamosi hiyo, tukicheza nyumbani kwangu, tulimkomboa binti wa sultani. Kufuli la gereza nililifungua mimi. Mtambo wa kamba na magurudumu uliomteremsha binti ukutani niliuchora mimi, na dadu zikanikubali mara tatu mfululizo. Shujaa hakufanya lolote ila kupiga kelele. Kisha msimulizi akatuingiza kwenye karamu. Shujaa akaketishwa kulia kwa sultani, mchawi kushoto.

"Na fundi?" nikauliza.

"Fundi amepelekewa sahani yake huko nyuma, jikoni," akasema huku akifunua ukurasa.

Wala hakuwa akinitania. Ndivyo alivyoijua dunia, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Niliwaambia wana roho chafu, kwamba wanakula jasho la mtu kisha wanaona uchafu kukaa naye. Nilipiga meza hadi dadu zikamwagika sakafuni. Mwalimu wa jiografia akaniomba nipoe, huu ni mchezo tu.

Tulikuwa bado tunaokota dadu hodi ilipopigwa. Nilifungua, nikamkuta baba. Alikuwa amekuja bila taarifa kunijulia hali, na shati lake lilikuwa limejaa masizi kwa sababu alipitia kazini kwanza. Kikapu chake kilikuwa begani. Wenzangu waligeuka wote kumtazama. Yeye alikuwa akinitabasamia, akingoja shikamoo yake.

Haikutoka. Nilitazama yale masizi, nikatazama macho ya wenzangu.

"Karibu, fundi," nikasema. "Jiko liko huko nyuma."

Alikiweka sawa kikapu begani.

"Ahsante, mwalimu," akajibu.

Akazunguka nyumba. Jiko langu halikuwa na kasoro yoyote, lakini nilimsikia akilifungua, akilisafisha, akilifunga tena, nasi mezani tukiendelea na karamu ya sultani. Waliamua kunituliza, kwa hiyo fundi wangu akaitwa kutoka jikoni, akapewa kiti. Nilikikubali. Nikifikiria kwamba nilikikubali kile kiti, najiona mchafu kuliko shati lile.

Mwalimu wa historia, yule niliyetoka kumwita mwenye roho chafu, ndiye aliyesema kwamba mzee wa watu huenda ana njaa. Nikapakua wali na samaki, nikampelekea. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, amekwisha kunawa. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyozipokea sahani za watu wote.